Kipanya cha njano, nakala 50 tu

Nachapa picha kwa wavu: kitambaa chenye matundu kilichokazwa kwenye fremu, wino unasukumwa kupita matundu hayo hadi kwenye karatasi. Nilianza kwa kuchapa fulana Kariakoo, kwa hiyo karatasi ya kwanza niliichapa kama kitambaa. Wino ukamwagika, mistari ikavimba. Wavu wa fulana, nyuzi 43 kwa sentimita, una matundu makubwa mno kwa karatasi. Tafuta wa 77 au zaidi.

Picha yangu ni kipanya, Hiace ya daladala, kimevaa kijani na njano ya Yanga kama vilivyopita mtaani kwetu. Rangi za klabu nimetumia, ila nembo sikuigusa; ile ina mwenyewe.

Tenganisha picha kwa rangi: njano, kijani, nyeusi, kila moja na fremu yake. Anza na iliyo nyepesi, malizia na nyeusi. Njano iingie kidogo chini ya mstari mweusi, kama milimita moja, ili karatasi ikisogea usionekane mwanya mweupe.

Na itasogea. Dar karatasi hunywa unyevu ikatanuka, wakati wa masika ndiyo usiseme. Niliwahi kuchapa njano Ijumaa, mvua ikashinda siku mbili, Jumatatu nyeusi ikakataa kukaa: taa za gari zilikuwa nje ya gari. Sasa karatasi zangu, za gramu 300 kwa mita ya mraba, hulala chumba cha kuchapia siku nzima kabla ya kazi, na rangi zote namaliza ndani ya siku mbili. Joto nalo hukausha wino wa maji kwenye matundu, basi kila ukiinua fremu, tandaza wino juu ya wavu bila kukandamiza.

Kata karatasi 65 upate 50 safi. Zenye kasoro zichane.

Kisha shika penseli. Chini kushoto andika 1/50, 2/50, hadi mwisho. Kulia weka sahihi. Za kubaki nazo mwenyewe, zisizidi tano, ziandike "nakala ya msanii".

Siku hiyohiyo osha fremu mpaka picha itoke kwenye wavu. Toleo langu la kwanza sikuosha. Nakala 40 ziliisha, mteja akanibembeleza, nikamchapia moja zaidi. Dada aliyenunua namba 3 akaiona ukutani kwa watu. "Kaka, si uliniambia arobaini?" Nilimrudishia hela yake yote, na jioni ile nikaziosha fremu zote tatu.