Kuchagua kiungo cha tela la kubebea mitambo, hatua kwa hatua

Kazi nyingi za mitambo Dodoma zinaanzia kwenye lami na kuishia kwenye korongo la mchanga. Ndiyo maana kiungo kinachofaa kupeleka jenereta Mtumba kinaweza kukatika siku ya kwanza kikivuta mtambo kwenda Farkwa. Usianze kwa kuuliza nyuma ya gari kuna nini. Anza na uzito, kisha njia, kisha gari, na kiungo kije mwisho. Uwezo wa gari na tela kwa pamoja ni ule wa kipande dhaifu kuliko vyote: tufe (mpira wa chuma nyuma ya gari) la tani 3.5 likifungwa kwenye bamba la tani 2, una kiungo cha tani 2.

Hatua ya 1: Pata uzito halisi

Jumlisha mtambo, tela lenyewe, na kila kinachopanda juu. JCB 3CX, mtambo wa kuchimba wenye ndoo mbele na nyuma, ina karibu tani 8. Eksikaveta ya daraja la tani 20 mara nyingi hupita 21 ikiwa na ndoo na mafuta. Boza la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji kabla hujahesabu tangi na magurudumu. Lita 100 za dizeli ni kama kilo 84. Nyundo ya kuvunjia mawe na ndoo ya akiba vinasahaulika kila mara, na udongo mweusi wa mbuga za Bahi ukiganda kwenye minyororo ya mtambo unaongeza mamia ya kilo.

Uzito wa tela usome kwenye kibati chake. Tela lililotengenezwa gereji ya mtaani bila kibati lipime likiwa tupu. Hesabu ya "halizidi tani mbili" huwa imekosea, na kwa kawaida imekosea kwa kupunguza.

Hatua ya 2: Soma mipaka ya gari

Kitabu cha gari kinataja namba mbili za kuvuta: tela lenye breki na tela lisilo na breki. Pikapu nyingi imara zinaishia kilo 3,500 kwa tela lenye breki na kilo 750 tu kwa lisilo na breki. Namba ya pili ndiyo inayopuuzwa zaidi. Injini kuweza kuvuta haina maana gari litaweza kusimamisha.

Hatua ya 3: Kokotoa nguvu D

Viungo vya lori havipimwi kwa tani peke yake. Kwenye kibati utakuta herufi D na namba ya kilonyutoni. Hesabu yake ni hii:

D = 9.81 × (T × R) ÷ (T + R)

T ni uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari linalovuta, R ni wa tela, vyote kwa tani.

Chukua JCB ya tani 8 juu ya tela la tani 3, jumla 11, likivutwa na tipa la tani 15. Zidisha 15 kwa 11 upate 165, gawanya kwa 26, zidisha kwa 9.81: D ni 62.3. Sasa lifunge tela hilohilo nyuma ya lori la tani 25. D inapanda hadi 74.9, ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo. Wengi hudhani lori kubwa linapunguzia kiungo kazi, kumbe gari zito likisukumana na tela ndivyo kiungo kinavyobanwa zaidi katikati.

Kwa njia za vumbi zenye mashimo, ongeza robo juu ya jibu lako. Aliyepata 62.3 anunue kiungo cha 78 au zaidi.

Hatua ya 4: Chagua aina

*Tufe la milimita 50.* Ni la pikapu na magari madogo, mwisho kilo 3,500. Linafaa kwa jenereta, mashine ndogo ya kuchanganyia zege, au eksikaveta ndogo ya tani 1.7. Halipigi kelele na halina mchezo, yaani halichezicheze likifungwa. Ubaya wake ni kwamba kikombe cha tela, kile kinachofunika tufe, kinajipinda kwa kiasi kidogo tu juu yake. Gari likizama korongoni huku tela bado liko ukingoni, kikombe kinafika mwisho wa mzunguko wake na kuanza kujing'oa.

Angalia pia ukubwa. Kuna matufe ya inchi 2, yaani milimita 50.8, yanayoingia nchini pamoja na matela ya Marekani. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la 50 kinafunga vizuri kwa macho, lakini kina nafasi ya kuchezacheza na kinaweza kuruka kwenye tuta. Pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, usipime kwa kuona. Tufe la 50 likilika hadi milimita 49, litupe.

*Ndoano na pete.* Hiki ndicho chaguo langu kwa kompresa za kuchimbia visima, maboza, na tela lolote la zaidi ya tani 3.5 linaloacha lami. Ndoano yenye kifuniko hushika pete ya chuma mwishoni mwa mkono wa tela, na pete inajizungusha bila kubanwa. Zipo za tani 5 hadi zaidi ya 25. Gharama yake ni mchezo: pete inagonga ndoano kila unapokanyaga breki, na kwenye matuta ya Kibaigwa utaisikia. Kugonga huko hulegeza bolti na kula chuma. Pete na ndoano vilingane. Pete yenye tundu la milimita 76 kwenye ndoano ndogo inageuka nyundo. Ndoano au pete ikilika zaidi ya milimita 3, badilisha zote mbili, kwa sababu mpya italiwa haraka na ya zamani.

Kuna ndoano yenye tufe juu yake, mbili kwa moja. Soma kibati kwa makini: uwezo wa tufe huwa mdogo kuliko wa ndoano.

*Taya na pini.* Ni viungo vya malori ya Ulaya. Jicho la tela linaingia kwenye taya, pini ya juu inashuka yenyewe. Pini ya jicho la milimita 40 ndiyo ya kawaida, na ya 50 ni kwa mizigo mizito zaidi. Mchezo ni mdogo kuliko wa ndoano, kwa hiyo kwa JCB inayokwenda Singida kwa lami hapa ndipo pa kuweka pesa. Vilivyotumika vinapatikana, ila usinunue kisicho na kibati cha D. Pima tundu la jicho: likipita milimita 41.5, badilisha bushi kwanza.

*Mkono wa trekta.* Kwa matrekta ya Kongwa na Mpwapwa kanuni ni moja: vuta kwenye mkono wa chini, usivute kamwe kwenye kiungo cha juu cha jembe. Ukivuta juu ya ekseli ya nyuma, trekta linajiinua mbele na kumlalia dereva, na hutokea kwa sekunde moja hivi. Pini isiwe kipande cha nondo. Nondo haijakomazwa kuhimili nguvu ya kukatwa, inapinda kidogo kila siku na siku moja haitoki, au inatoka peke yake. Tumia pini yenye kichwa na kufuli chini.

*Sahani na kingipini.* Eksikaveta ya tani 20 na greda ni kazi ya lobedi (tela la sakafu ya chini), hakuna mjadala. Kingipini ni pini iliyo chini ya tela inayoingia kwenye sahani ya lori. Kingipini ya inchi 2 ndiyo ya kawaida, ya inchi 3.5 ni ya lobedi nzito sana, na haziingiliani. Kingipini ya inchi 2 ikifika milimita 49 imekwisha. Eksikaveta hizi nyingi zina upana wa karibu mita 2.8 hadi 3, na kikomo cha kawaida ni mita 2.65, kwa hiyo omba kibali TANROADS kabla ya kupakia.

Hatua ya 5: Pima uzito unaokandamiza kiungo

Kwenye kibati tafuta S, kilo zinazoruhusiwa kushuka wima. Kwa tufe, lenga asilimia 10 ya uzito wa tela, lakini usizidi S. Matufe mengi yameandikwa S 150 au chini yake, kwa hiyo tela la tani 3 halipaswi kuwekwa kilo 300 juu yake hata kama D inaruhusu. Ikiwa pungufu sana, tela linapepesuka nyuma kwa spidi ya 80. Ikizidi, mkia wa gari unazama, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza nguvu.

Kupima, weka mkono wa tela juu ya mzani wa magunia, tela likiwa limelala sawa. Kisha sogeza mtambo. Mtambo wa tani 3 ukiusogeza sentimita 10 kwenye tela lenye mita 4 kutoka ekseli hadi kiungo, uzito wa wima unabadilika kilo 75. Ukipata pazuri, piga mstari wa rangi sakafuni mwa tela.

Hatua ya 6: Funga kwenye chesisi, si kwenye bampa

Viungo vya taya huja na matundu ya vipimo maalumu. Bamba la milimita 140 kwa 80 hutumia bolti za M16, la 160 kwa 100 hutumia M20. Tumia daraja 8.8 au 10.9 na nati za kujifunga. Kama hakuna karatasi ya kiwanda, M16 ya 8.8 ikazwe karibu nyutonimita 200, M20 karibu 400. Usichomelee ndoano wala shina la tufe. Chuma hicho kimefuliwa na kukomazwa kwa moto, na moto wa kuchomelea unakilainisha pembeni mwa mshono, ndipo kinapokatikia.

Tufe liwe na urefu wa milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo.

Hatua ya 7: Breki, umeme, minyororo

Breki ya msukumo, inayoshika tela linapolisukuma gari, inaishia kilo 3,500. Zaidi ya hapo unahitaji breki ya upepo. Unganisha paipu ya njano kwanza, kisha nyekundu. Kuachanisha, anza na nyekundu, breki za tela zishike kabla hujaondoa nyingine. Lori la volti 24 likiunganishwa na tela la volti 12 linaunguza balbu zote usiku huohuo.

Minyororo miwili ipite chini ya kiungo ikiwa imekingamana, ili mkono wa tela ukianguka ulale juu yake usichimbe lami.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuondoka

Kwa tufe, inua jeki ya tela hadi mkia wa gari upande sentimita chache. Kikombe kikiachia, hakikufunga. Kwa ndoano, taya na sahani, funga breki za tela na uvute polepole kwa gia ya kwanza, kisha shuka uangalie kufuli kwa macho. Ukienda kwa lami, tufe lipake grisi kidogo. Ukiingia vumbi la Mpwapwa, ifute yote, maana grisi yenye mchanga husaga chuma. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama ukaze bolti tena, na kabla ya kushuka mteremko wa Sekenke uzipitie mara nyingine.