Somo: Kutembea nchi kame na begi la mgongoni bila kuelemewa

Wakuu, salaam. Wengi mnauliza jinsi ya kujiandaa kwa matembezi ya siku mbili tatu huku kwetu kanda ya kati. Dodoma si jangwa, ni nyanda kame: mvua tunapata, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mito mingi hubaki mchanga mtupu, na Oktoba na Novemba jua huwa halina huruma. Anayetembea miezi hiyo kwenye vilima vya Kondoa au tambarare za Bahi ana shida ileile ya mtu wa jangwani, kwamba kitu kizito kuliko vyote begini mwake ni maji, na ndicho asichoweza kukiacha. Kwa hiyo panga maji kwanza. Vingine vyote vigombanie nafasi inayobaki.

Hatua ya 1: Jipime, kisha pima begi

Kwa mtu mwenye afya, mzigo wote, maji yakiwemo, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 65 asivuke kilo 13. Usikadirie kwa mkono. Nenda kwa muuza nafaka mwenye mizani ya kuning'iniza, mwombe akupimie begi likiwa limejaa kila kitu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji

Lita moja ni kilo moja, haina punguzo. Ukitembea kwenye joto mwili hutaka kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na bado hujapika. Ukitembea saa tano kwa siku, hesabu lita tano hadi sita kutoka chanzo kimoja cha maji hadi kingine, pamoja na akiba ya lita moja isiyoguswa.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa kilo 65. Maji lita 6 ni kilo 6. Chakula kikavu cha siku mbili, kilo moja na nusu. Begi tupu, kilo moja na nusu. Hapo tumefika kilo 9, na zimebaki 4 tu za kulalia, nguo, sufuria, tochi na dawa. Ndiyo maana nasema njia ichaguliwe kwa kufuata maji. Kama kutoka kisima hadi kisima ni siku mbili nzima, hiyo njia si ya kutembea na begi la kawaida. Tafuta nyingine.

Yagawe maji kwenye chupa za plastiki za lita moja na nusu, zile za dukani. Ni nyepesi, na moja ikipasuka hujapoteza yote. Dumu la lita tano likipata ufa, safari imekwisha.

Kuhusu maji ya njiani: kwenye korongo la mchanga, tazama wenyeji wanachota wapi. Shimo lililozungushiwa miiba ni la watu, na lenye alama za kwato ni la mifugo. Omba ruhusa kabla ya kuchota, kwa sababu kuna mtu alilichimba kwa jasho lake. Maji ya kwanza huwa na tope. Yatoe kwa kata, subiri yajichuje tena kutoka pembeni, na utaona yanapanda polepole yakiwa meupe kidogo, kisha yanatulia. Chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, halafu chemsha au tumia vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Kama huna kuni wala vidonge, maji yaliyokwisha kuwa maangavu yatie kwenye chupa isiyo na rangi, uilaze juani saa sita. Jua la Dodoma linaifanya kazi hiyo vizuri, ila siku ya mawingu isikudanganye: hapo zinahitajika siku mbili.

Hatua ya 3: Punguza

Maharage makavu yaache nyumbani, yanakula maji na kuni. Beba unga, karanga, mlenda mkavu, na zabibu kavu za hapahapa Dodoma. Mlenda mkavu wa Wagogo nausifu kwa moyo wote: ni mwepesi kama majani makavu yalivyo, unaiva haraka, na maji uliyoupikia unayala, humwagi tone. Dagaa wa chumvi weka kidogo, maana wanaleta kiu.

Nguo ni ya kuvaa na moja ya kubadili, mikono mirefu, na kofia pana. Usiache sweta, kwa sababu usiku wa Juni na Julai huku kuna baridi na upepo. Shuka la kimasai na turubai jepesi vinatosha kulalia wakati wa kiangazi. Ndani ya begi tandika mfuko wa sandarusi kuzuia vumbi.

Viatu viwe na soli ngumu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye raba laini kama haipo. Beba kibano.

Hatua ya 4: Panga begi na ulifunge

Vyepesi chini, yaani shuka na nguo. Chupa za maji zikae katikati, zimegusa mgongo, uzito sawa kulia na kushoto. Mzigo ukae kama mtoto kwenye mbeleko, umebana mwili wala hauning'inii nyuma. Funga kwanza mkanda wa kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze mikanda ya mabega. Uzito mwingi ubebwe na nyonga. Kama begi lako la mtumba halina mkanda wa kiunoni, kwa lita sita za maji litakuumiza mabega hata ulipange vipi. Tafuta jingine.

Hatua ya 5: Tembea kwa saa za ng'ombe

Wafugaji huondoka alfajiri na hupumzika mchana, nasi tufanye hivyohivyo. Anza saa 12 asubuhi, saa 4 uwe unatafuta kivuli, uendelee saa 10 jioni. Kunywa kidogo kidogo, na kula karanga za chumvi, kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba, mvueni begi, mlazeni kivulini, mloanisheni maji na kumpepea, na mtafute usafiri wa kumfikisha hospitali. Hapo hakuna cha "tusogee kidogo".

Jioni ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mlale karibu na watu. Msilale kwenye mchanga wa korongo hata mbingu ikiwa safi, mvua ya mbali hushusha maji ghafla. Asubuhi kung'uta viatu, nge wanavipenda. Mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero yana tembo, usikatishe humo bila kibali. Na michoro ya miambani Kondoa, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006, itembelee na mwongozaji baada ya kupita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo. Usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, unaiharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo zuri sana. Naweza kumtuma bodaboda atangulize maji mbele ili nibebe kidogo?

Jibu: Unaweza, na kwa njia kavu nashauri hivyo. Ila yaachwe kwa mtu, mfano mwenye duka kijijini, si chini ya mbuyu. Piga simu uthibitishe yamefika kabla hujaondoka. Akiba ya lita moja ibaki mgongoni.

Swali: Mimi nina kilo 52 na tunaenda na wanaume watatu. Wanasema tugawane mizigo sawasawa.

Jibu: Hapana dada. Kilo zako ni 10 na kidogo, basi. Wewe beba maji na chakula chako, sufuria na turubai wabebe wao. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliyechoka, kwa hiyo kukuelemeza wewe ni kujichelewesha wenyewe.

Swali: Visima vya huku Bahi vingine vina chumvi. Nikichemsha itapungua?

Jibu: Itazidi, ndugu, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Vidonge navyo vinaua vijidudu tu. Uliza akina mama kisima cha kunywa ni kipi, kwani kijiji huwa na kisima cha kufulia na cha kunywea. Na maji hayo ya chumvi usiyaongezee dawa ya kuhara ukidhani unarudisha nguvu. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji matamu.

Swali: Kijana, mimi nimevuka miaka sitini na natumia dawa za presha. Nafaa?

Jibu: Shikamoo mzee. Kwanza muulize daktari wako, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, na kwenye joto hilo ni jambo kubwa. Usiache dawa kwa ajili ya safari. Akikuruhusu, mzigo usizidi kilo saba, uwe na fimbo ya kushukia mteremko, na uchague Julai badala ya Oktoba. Anza na njia ya nusu siku yenye kijiji mwanzo na mwisho.