Mzazi anatua Chicago, anaendelea Columbus: jinsi ya kumvusha uwanjani salama

Mwongozo huu ni wa anayemleta mzazi Marekani kutoka Dar es Salaam, mzazi akiwa peke yake na Kiingereza chake ni cha kuungaunga au hana kabisa. Mfano ninaoutumia ni Dar – Doha – Chicago – Columbus, Ohio: Qatar Airways hadi Chicago, American Airlines kipande cha mwisho. Viwanja vingine vya Marekani vina utaratibu uleule, majengo tu ndiyo yanatofautiana.

Hatua ya 1: Tiketi

Nunua tiketi moja yenye namba moja ya bukingi kuanzia Dar hadi Columbus. Ukinunua mbili tofauti kwa sababu ya nafuu ya dola mia, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kumpa mzazi nafasi nyingine. Pia kaunta ya kurudisha mizigo (pale Chicago abiria anapokabidhi tena begi baada ya forodha) huenda isilipokee begi lake, na itabidi alikokote hadi kaunta ya ndege ya pili kabla haijafunga. Kwa safari za ndani, mashirika mengi hufunga kupokea mabegi dakika 45 kabla ya kuondoka.

Mitandao ya tiketi itakuuzia muda wa saa moja na nusu Chicago. Usikubali. Saa 3 ndiyo mwisho wa chini kwa mzee, mimi nachagua 4. Na isiwe ndege ya mwisho ya siku, kwani akiikosa atalala uwanjani.

Kabla hujalipa, angalia kama kuna njia ya kuepuka haya yote. Anayekwenda Minneapolis, kwa mfano, anaweza kupata ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam. Anayeanzia Nairobi aifikirie njia ya Abu Dhabi: maafisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani wako palepale tangu 2014, anamalizana nao kabla ya kupanda, na akifika Marekani anashuka kama abiria wa ndani. Kama bei zinakaribiana, chukua hiyo bila kufikiria mara mbili.

Hatua ya 2: Kiti cha magurudumu

Omba hata kama mzazi anatembea vizuri. Huduma ni bure. Mashirika ya ndege yana alama tatu za kuonesha aina ya msaada: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi ila haendi mbali, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi, na WCHC ni kwa asiyeweza kutembea kabisa. Wazee wengi ni WCHR. Omba siku ya kununua, kisha piga simu saa 48 kabla ya safari, na upige kwa mashirika yote mawili. Ombi lililoingizwa kwa shirika la kwanza mara nyingine halivuki kwenda la pili, na mzazi anajikuta na kiti Doha lakini Chicago hana.

Kikwazo kikubwa huwa ni mzazi mwenyewe: "Mimi si mgonjwa, nibebwe kwa nini?" Mweleze hivi: "Mama, siyo kiti tunachokiombea, ni yule anayekisukuma. Ndiye anayejua njia, anayejua mlango, na anayekupitisha foleni." Mpe noti za dola 1 na dola 5 kwenye mfuko wa karibu kwa ajili ya bakshishi Marekani. Hailazimishwi, lakini wasukumaji wanaitegemea.

Mfundishe pia jambo hili: ndege ikitua abaki kwenye siti mpaka abiria wengine washuke. Kiti kinaletwa mlangoni pa ndege. Akishuka na umati, msukumaji atamsubiri asimwone na ataondoka.

Hatua ya 3: Karatasi ya shingoni

Simu ya mzazi isiwe tegemeo. Laini ya Tanzania inaweza isishike, na mtandao wa bure wa uwanjani unataka afungue ukurasa na kukubali masharti kwa Kiingereza. Chapisha karatasi moja kwa herufi kubwa, iweke kwenye mfuko wa plastiki wenye kamba, aivae. Upande wa Kiingereza: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba za ndege zote, jina lako, simu yako, anwani atakayofikia, kwamba anaongea Kiswahili, magonjwa na dawa zake, na ombi kwamba geti likibadilika aambiwe na apelekwe. Weka na picha ya begi lake.

Upande wa pili ni wa Kiswahili, kwa ajili yake. Hapa kuna mtego wa saa. Bodingi pasi ya Marekani itaandika 6:40 PM. Mzee aliyezoea saa zetu anasoma "saa sita na dakika arobaini" na anajua kabisa hiyo ni mchana. Andika wazi: ndege ya Columbus ni saa 12 na dakika 40 jioni, saa za Chicago. Na Columbus iko saa moja mbele ya Chicago, hivyo asishtuke akiona muda wa kufika umeruka.

Hatua ya 4: Kufunga mizigo

Dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake. Begi kubwa liwe moja la kilo 23 hata kama tiketi inaruhusu mawili. Funga kipande cha kitenge kwenye mshikio. Mabegi meusi yanafanana yote.

Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, isiwemo. Matunda mabichi na mbegu za kupanda pia. Vyakula vingine, dagaa wakiwemo, vitajwe kwa afisa. Kilichotajwa kikikataliwa kinachukuliwa tu, ila kilichofichwa kinaweza kuleta faini ya hadi dola 10,000.

Hatua ya 5: Dar na Doha

Dar, hakikisha lebo ya begi imeandikwa CMH, yaani Columbus, na apewe bodingi pasi tatu. Doha begi haligusi. Anakaguliwa tena mkoba, na maji ya kunywa yatatupwa.

Hatua ya 6: Uhamiaji, Chicago

Alama za vidole, picha, maswali machache: umekuja kwa nani, kufanya nini, utakaa muda gani, unarudi lini. Ajibu kweli na kwa ufupi, na tiketi ya kurudi iwe imechapishwa. Asipoelewa swali asiitikie kwa kichwa. Aseme neno moja, "Swahili". Watatafuta mkalimani, hata kwa simu. Wakimpeleka chumba cha pembeni kwa maswali zaidi, akae atulie. Huko inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na ndiyo maana ya zile saa 4.

Hatua ya 7: Begi

Soma hapa mara mbili, kisha msomee mzazi.

Dar, karani atamwambia: "Begi lako utalikuta Columbus." Hadanganyi, lebo inasema hivyo. Lakini sheria ya Marekani inataka abiria apite forodha na mzigo wake kwenye uwanja wa kwanza anaotua. Kwa hiyo begi litatolewa kwenye mkanda Chicago, mzazi alichukue kwa mkono wake, apite nalo forodha, kisha alikabidhi tena upande wa pili. Ugumu ni kwamba ametoka Doha, ambako aliambiwa asiguse begi na kweli hakuligusa. Ubongo wake umeshashika kwamba begi linajiendea lenyewe. Atalipita mkanda bila hata kugeuza shingo.

Akishapita mlango wa forodha hawezi kurudi ndani. Begi litabaki likizunguka hadi litolewe na kuwekwa pembeni, na kufika kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa herufi kubwa kwenye upande wake wa karatasi andika: DOHA USICHUKUE BEGI. CHICAGO CHUKUA BEGI.

Msukumaji anajua utaratibu, lakini halijui begi. Atauliza lipi, na hapo ndipo picha na kipande cha kitenge vinapofanya kazi. Akikuta mabegi yamekwisha mkandani, atazame pia yaliyopangwa chini kando yake. Wafanyakazi huyashusha kupisha mengine.

Sasa kuna dakika ambayo wengi hawaitumii. Kati ya mkanda na kaunta ya kurudisha mizigo, mzazi ana begi lake kubwa mkononi kwa mara ya mwisho. Mbele yake kuna ukaguzi wa ndege ya ndani, ambako kimiminika kinachozidi mililita 100 kwenye mkoba hakipiti. Manukato, asali au chupa nyingine yoyote aliyonunua Doha baada ya ukaguzi: vyote vihamie begi kubwa hapo hapo. Na unga au viungo vya kusaga vinavyozidi mililita 350 vihamie pia, la sivyo vitafunguliwa na kupimwa huku foleni ikimsubiri. Kwa hiyo acha nafasi juu kabisa ya begi, na ufunguo au namba za kufuli vikae kwenye kile kimfuko cha shingoni. Dawa za maji haziingii kwenye kanuni hii. Zibaki mkobani na azioneshe.

Baada ya milango ya forodha kuna kaunta ya kurudisha mizigo. Lebo ni ileile, haibandikwi nyingine. Ahakikishe haijachanika, akabidhi, abaki na kile kipande cha lebo alichobandikiwa Dar.

Ukitaka utulivu, tia kifaa cha kufuatilia kama AirTag ndani ya begi. Utaona mwenyewe kama limeondoka Chicago.

Hatua ya 8: Kutoka jengo la 5 kwenda la 3

Ndege za Qatar zinashusha jengo la 5, za American zinaondokea la 3. Kati yake kuna treni ya uwanja, bure. Msukumaji anampeleka, wanapita ukaguzi, kisha geti. Hatari iko getini: msukumaji akishamwacha, geti linaweza kubadilishwa kwa tangazo la Kiingereza. Mzazi akae karibu na kaunta ya geti na amwoneshe karani karatasi yake mara tu anapofika. Wewe fuatilia namba ya ndege kwenye programu ya shirika, na geti likibadilika piga simu kwa shirika uwaombe waarifu geti. Chooni aende kabla hajaachwa na msukumaji.

Hatua ya 9: Columbus

Safari za ndani, mikanda ya mizigo iko eneo la wazi, hivyo unaweza kumsubiri hapo bila kibali. Ukitaka kumpokea mlangoni pa geti, nenda kaunta ya shirika na kitambulisho chako, omba pasi ya msindikizaji. Wana hiari ya kutoa au kunyima, kwa hiyo fika mapema. Begi lisipotokea, andikisheni kwenye ofisi ya mizigo kabla ya kutoka uwanjani, mkiwa na kile kipande cha lebo. Namba iliyo juu yake ndiyo watakayoitumia kulitafuta.