Somo: Altaneta haichaji? Pima waya wa hasi kwanza

Ndugu zangu wa Kigoma, taa ya betri ikiwaka, gereji nyingi jibu lao ni moja: nunua altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Magari yetu ya mtumba kutoka Japani hayana waranti, fundi akikosea unalipa wewe. Pikapu ninayobebea chumvi kutoka Uvinza niliibadilishia altaneta mbili, na zote nilizotoa zilikuwa nzima. Kilichooza ni waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye injini. Kwa juu ulionekana mzima, ndani chumvi ilishaula. Inaniuma mpaka leo.

Tafuta mita ya digitali, iweke kwenye volti za DC.

1. Asubuhi kabla ya kuwasha, pima betri. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu.

2. Washa injini, pima tena palepale. 13.8 hadi 14.4 inachaji vizuri. Ikibaki 12 na kitu, kagua mkanda unaozungusha altaneta kama umelegea, kisha endelea.

3. Hapa ndipo pesa huokolewa. Injini ikinguruma na taa kubwa zimewaka, waya mwekundu wa mita ushike nati kubwa ya altaneta, pale unapofungwa waya mnene wa kwenda betri, mweusi ushike bodi ya altaneta yenyewe, si betri. Angalia mkono wa shati usinaswe na feni. Ukipata 14 na betri ina 12, altaneta ni nzima. Umeme unapotelea njiani.

4. Usizime. Ncha moja weka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi volti 0.2, waya wa hasi ni mbovu. Ukiwa mzima, pima vilevile kati ya nati ile kubwa na chanya ya betri.

5. Zima gari. Fungua hasi kwanza, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Waya ulioliwa badilisha wote. Hasi irudishe mwisho.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mzee. Fundi alichomoa waya wa betri injini ikinguruma, akasema ndivyo altaneta inavyopimwa.
Jibu: Marahaba mwanangu. Usimruhusu tena. Volti huruka ghafla na zinaweza kuunguza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ambayo bei yake inaishinda altaneta.

Swali: Kaka, yangu taa ya betri haiwaki kabisa, hata nikifungua swichi kabla ya kupiga stata.
Jibu: Anza na balbu hiyo na waya wake. Altaneta nyingi huamshwa na umeme unaopitia hapo, kwa hiyo balbu ikiungua huenda isichaji.

Swali: Na altaneta ikithibitika mbovu?
Jibu: Ifunguliwe ukiwa umesimama hapo. Mara nyingi ni kaboni zimeisha, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na kaboni huuzwa peke yake.