Namna ya Kuisubiri Filamu Kubwa ya Anga Bila Kuimaliza Kabla Haijatoka

Filamu ya bajeti kubwa kuhusu safari za anga za mbali hutangazwa mapema mno. Kati ya siku jina lake linapotajwa kwa mara ya kwanza na siku inapoonyeshwa hupita mwaka mmoja au miwili, na katika muda huo shabiki hulishwa picha, vionjo (video fupi za kuitangaza filamu), mahojiano na uvumi hadi anaingia ukumbini akiwa ameshiba. Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kuingia akiwa bado na njaa. Kanuni ninayoifuata ni hii: jifunze kwa bidii sayansi ambayo filamu itaitegemea, lakini kuhusu kisa chenyewe ujue machache kadiri uwezavyo. Wengi hufanya kinyume chake. Wanajua nani atakufa, ila hawajui kwa nini mwanaanga huelea.

Anza na tarehe, kwa sababu ndiyo itakayokuumiza mapema kuliko kitu kingine. Tarehe ya kwanza kutangazwa ichukulie kuwa nia tu, isiyo na uzito wa ahadi. Gravity ilipangwa kutoka Novemba 2012, ikasogezwa mbele hadi Oktoba 2013, na ucheleweshaji huo wa karibu mwaka mzima, ambao mtu mwenye wasiwasi angeuona kuwa dalili mbaya, haukuizuia kupata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya mwongozaji bora iliyokwenda kwa Alfonso Cuarón. The Martian ilikwenda upande mwingine: ilikuwa imepangwa mwisho wa Novemba 2015, ikavutwa nyuma hadi mwanzo wa Oktoba. Mara nyingi sababu ni za kawaida kabisa, kama vile taswira za kompyuta ambazo hazijakamilika, filamu nyingine kubwa iliyopangwa wiki hiyo hiyo, au kumbi zenye skrini kubwa ambazo tayari zimechukuliwa. Kwa hiyo usiombe ruhusa kazini wala usipange safari hadi tiketi zianze kuuzwa.

Kuhusu bajeti yenyewe sina mengi. Interstellar iligharimu takribani dola milioni 165 kutengenezwa, mbali na fedha za matangazo, na kiasi kama hicho hukueleza ukubwa wa skrini inayolengwa, lakini hakikuelezi lolote kuhusu ubora wa mswada. Jambo lenye maana zaidi ni kujua fedha zimekwenda wapi. Waliotengeneza Apollo 13 mwaka 1995 waliwapandisha waigizaji katika ndege ya mafunzo ya NASA iliyokuwa ikipaa na kushuka kwa mkunjo, na kila mkunjo uliwapa sekunde 25 hivi za kuelea kwa kweli, basi wakarudia mara mamia. Ukisikia habari za namna hiyo katika maandalizi ya filamu unayoisubiri, una haki ya kutumaini.

Sasa tuje kwenye vionjo, ambako mashabiki wengi hujiharibia. Kionjo cha kwanza aghalabu hutengenezwa wakati filamu bado iko mezani kwa wahariri. Huenda muziki wake si wa filamu hiyo, na mara nyingi anayekihariri si mwongozaji bali ni kampuni nyingine iliyobobea katika matangazo. Kitazame mara mbili. Mara ya kwanza kitazame pamoja na sauti yake, ukubali kutetemeshwa kama walivyokusudia. Mara ya pili zima sauti kabisa. Muziki ukishaondoka, utaona mambo ambayo ngoma zilikuwa zikiyafunika: kila picha inakaa kwa muda gani kabla ya kukatwa, ni mahali pangapi tofauti panapoonekana, na zaidi ya yote, miili inaeleaje. Angalia nywele, mikanda iliyolegea na mikono ya mwigizaji ambaye si zamu yake kuzungumza. Mwanaanga aliyetulia mahali pasipo na uzito mikono yake haining'inii ubavuni. Hupanda yenyewe mbele ya kifua, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, kama mtu aliyelala ndani ya maji. Ukiiona mikono hiyo katika kionjo, ujue kuna mtu katika utayarishaji aliyesisitiza jambo hilo.

Baada ya hapo acha. Kionjo cha pili na cha tatu hutengenezwa ili kumshawishi mtu asiyejali filamu za anga, na ili kumshawishi ni lazima asimuliwe kisa. Wewe umeshashawishika tangu zamani, kwa hiyo huna faida yoyote ya kuvitazama.

Muda utakaoupata kwa kuacha vionjo utumie katika sayansi. Huhitaji shahada, mambo manne yanatosha kwa karibu kila filamu ya aina hii.

La kwanza ni ukimya. Katika ombwe hakuna hewa ya kubeba mawimbi ya sauti, kwa hiyo chombo kinacholipuka nje hakitoi mlio wowote kwa anayekitazama kutoka mbali. 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 iliujengea ukimya huo heshima kubwa: mwanaanga akiwa nje ya chombo, kinachosikika ni pumzi zake ndani ya vazi. Gravity ilitafuta njia ya werevu, kwa kutusikilizisha mitetemo inayopita kwenye glavu za mwanaanga anaposhika chuma. Jizoeze kujiuliza, kila unaposikia mlio katika tukio la nje, sauti hiyo imepitia wapi.

La pili ni kuelea kwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia, ilhali katika kimo cha kilomita 400 hivi, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakienda mbele kwa kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, hivyo kila wanapoanguka dunia nayo inajipinda chini yao. Ukilielewa hilo, machozi yatakufurahisha. Mwaka 2013, mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield alijitia maji jichoni akiwa ndani ya kituo hicho mbele ya kamera, na maji hayakudondoka wala hayakuruka. Yaligeuka tone nene lililong'ang'ania jicho, likaendelea kukua kadiri alivyoongeza maji. Katika Gravity, iliyotoka miezi michache baadaye, machozi ya mhusika mkuu yanabanduka usoni na kuelea kuja kwetu. Ni kosa, na ni mojawapo ya picha nzuri zaidi katika filamu ile. Mimi sioni tabu kuyakubali yote mawili kwa pamoja.

La tatu ni umbali, nalo halieleweki kwa kusoma tarakimu. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado ujumbe kutoka Mars huchukua kati ya dakika tatu na dakika 22 kufika duniani, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi katika mizunguko yao. Fanya jaribio hili na rafiki mtakayekwenda naye kuitazama filamu: kubalianeni kwamba kwa jioni moja kila ujumbe wa simu utajibiwa dakika 40 baada ya kutumwa, yaani muda wa kwenda na kurudi Mars inapokuwa karibu na ncha yake ya mbali. Muulize swali rahisi tu, kwa mfano kama amekwisha kufika nyumbani. Kufikia jibu la pili utakuwa umeshasahau ulichouliza, na kufikia la tatu utaanza kuandika kwa namna nyingine, ujumbe mrefu wenye kutabiri maswali ya mwenzako na kuyajibu kabla hajauliza. Utakapomwona mhusika katika skrini akizungumza na mkewe kwa kurekodi, hutahitaji kuelezwa kwa nini uso wake uko vile.

La nne ni mashimo meusi, yaani mahali ambapo mvutano ni mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, na muda. Kwa ajili ya Interstellar ya mwaka 2014, mwongozaji Christopher Nolan alifanya kazi na mwanafizikia Kip Thorne, ambaye miaka mitatu baadaye alipata mgao wa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mawimbi ya mvutano. Thorne aliandika milinganyo, na wataalamu wa taswira wakaitumia kuchora jinsi mwanga unavyopindwa na shimo jeusi. Matokeo yake yalikuwa ya kweli kiasi cha kuchapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2015. Hata hivyo waliacha jambo moja kwa makusudi. Gesi inayolizunguka shimo kwa kasi hung'aa zaidi upande unaokuja kwetu na kufifia upande unaokwenda, lakini katika filamu pande zote mbili zinang'aa sawa ili mtazamaji asichanganyikiwe. Picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli, lililo katikati ya galaksi ya M87, ilipotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, pete yake ilionekana imeng'aa zaidi upande mmoja. Kuhusu muda, Interstellar inasema saa moja katika sayari fulani iliyo karibu na shimo jeusi, ambako mvutano hupunguza mwendo wa muda, ni sawa na miaka saba duniani. Piga hesabu mwenyewe: miaka saba ni takribani saa 61,000, kwa hiyo sekunde moja pale ni kama saa 17 nyumbani. Mhusika akisita kwa sekunde tatu tu, kwao zimekwisha kupita siku mbili. (Filamu iliyotoka mwaka 2014 nadhani haimmalizii mtu uhondo tena, hata hivyo sitasema kinachofuata.)

Ikiwa filamu unayoisubiri imetokana na riwaya, amua mapema kama utaisoma. Ushauri wangu ni kuisoma miezi mitatu au minne kabla, au kuiacha hadi baadaye, na kamwe usiisome wiki ya mwisho. Anayeingia ukumbini akiwa na sura za kitabu mbichi kichwani hageuki kuwa mtazamaji. Anakuwa karani anayekagua kilichokatwa. The Martian ilianza kama sura ambazo Andy Weir alizichapisha mwenyewe kwenye intaneti, na baadhi ya wasomaji wake walijua kabla ya kuingia kwamba dhoruba inayoanzisha kisa haiwezekani, kwa kuwa shinikizo la hewa ya Mars halifiki hata asilimia moja ya lile la dunia. Mwandishi mwenyewe amekiri hivyo. Kujua jambo kama hilo mapema ni afadhali kuliko kulinong'ona gizani.

Kujikinga na wamaliziaji, yaani wanaokusimulia kisa kabla hujakiona, kunahitaji nidhamu kidogo. Wiki mbili kabla ya filamu kutoka, zuia katika simu yako jina la filamu, majina ya waigizaji wakuu na jina la mhusika mkuu. Hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo hutumika sana katika kusimulia. Usisome orodha ya nyimbo za albamu ya filamu, kwani mwaka 1999 mashabiki wa mfululizo mmoja mashuhuri walijua kifo cha mhusika mkubwa kutokana na jina la wimbo katika albamu iliyotoka wiki mbili kabla ya filamu. Epuka pia maboksi ya vitu vya kuchezea. Mimi niliwahi kujilinda miezi minane mizima, kisha nikamaliziwa kwenye foleni na bwana mmoja aliyekuwa akitoka ukumbini huku akimsimulia mtu kwa simu, kwa sauti ya kutosha sisi sote. Tangu siku hiyo husimama kwenye foleni nikiwa na spika za masikioni.

Wahakiki huruhusiwa kuchapisha maoni yao siku au saa iliyopangwa na studio. Asilimia inayotajwa na Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, isikudanganye: si alama ya ubora, bali ni sehemu ya wahakiki walioipenda, hata kama wengi waliipenda kidogo tu. Filamu ambayo kila mtu ameiona ya wastani mzuri inaweza kupata asilimia 95, na ile iliyowagawa watu vikali ikapata 60. Kwa filamu za anga mimi huwa na hamu zaidi na hii ya pili.

Tiketi inunue mapema kwa ajili ya kiti, si kwa ajili ya kuwahi usiku wa kwanza. Kiti bora kiko katikati ya safu, nyuma kidogo ya katikati ya ukumbi, mahali ambapo spika za pande zote hukutana na ambapo shingo haiinuliwi. Ikiwa sehemu ya filamu imepigwa kwa kamera za IMAX, mfumo wa picha za skrini kubwa mno, kama ilivyokuwa kwa zaidi ya saa moja ya Interstellar, tafuta ukumbi wenye skrini hiyo, kwani katika skrini ya kawaida sehemu za juu na chini za picha hukatwa. Kama kuna onyesho lenye maandishi chini ya skrini, lifikirie bila aibu. Interstellar ilipotoka, wengi walilalamika kwamba muziki ulikuwa ukiyameza mazungumzo, na Nolan akajibu kwamba alikusudia hivyo.

Siku yenyewe, tazama kwanza urefu wa filamu, kwa maana dakika 169 kama za Interstellar si mchezo kwa mtu aliyekunywa chupa nzima ya maji. Taa zikizimwa, uwe tayari kwa uwezekano kwamba mwanzo utakuwa wa polepole. 2001: A Space Odyssey hupitisha dakika 25 hivi kabla ya mtu yeyote kutamka neno. Majina yanapoanza kupanda mwishoni, kaa kitini na umtafute mshauri wa sayansi, ambaye kwa kawaida yuko chini sana, baada ya madereva na wapishi. Kisha pita mbele ya foleni ya onyesho linalofuata ukiwa umefunga mdomo.