Jinsi ya kupima maji ya kisima kama yameingiliwa na mbolea

Kisima kikiwa na maji meupe watu wanaridhika, na hapo ndo tatizo linapoanzia, maana naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka kwenye maji, haina rangi wala harufu wala ladha. Mi napima visima vifupi huku Ilula, Iringa, kwenye nyanya, na vingi vimechimbwa bondeni pembeni kabisa ya vinyungu, yale mashamba madogo ya bondeni. Urea ina naitrojeni asilimia 46, mmea hauli yote, inayobaki mvua inaishusha chini taratibu mpaka inakutana na maji tunayokunywa.

Hatua ya 1: Zunguka kisima kabla hujagusa maji
Hesabu hatua mpaka shambani, mpaka chooni, mpaka kwenye zizi. Choo na samadi navyo vinatoa naitreti, kwahiyo usikimbilie kulaumu mbolea. Angalia wanachanganyia wapi dawa na bomba la kupulizia wanalioshea wapi. Afu muulize mwenye shamba ameweka mbolea ya kukuzia lini, na dawa aliyopulizia akuonyeshe kopo lenyewe, jina la mtaani halisaidii maabara.

Hatua ya 2: Chagua siku
Huku mvua zinaanza Novemba au Desemba. Napima mara mbili, mwezi wa kumi kukiwa kukavu, na tena wiki chache baada ya mvua kushika. Ukipima kiangazi tu unaweza kuambiwa salama halafu mwezi wa kwanza mambo ni mengine.

Hatua ya 3: Chota
Pampu ya mkono pampu kwanza dakika kama 5 yale maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Kisima cha wazi toa ndoo mbili tatu, subiri tope litulie. Chupa iwe safi, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, na usitumie kabisa chupa iliyowahi kubeba mbolea au dawa hata kama umeiosha na sabuni.

Hatua ya 4: Stripu
Hivi ni vijikaratasi vya kupimia, ukivichovya vinabadilika rangi. Nunua zenye vibox viwili, naitreti na naitraiti (ndugu yake naitreti). Mkono mkavu, toa moja, funga kopo hapohapo maana unyevu unaziua. Chovya na usubiri sekunde kama kopo linavyosema, tumia saa ya simu usikadirie, ukichelewa rangi inaendelea kukolea na utasoma uongo. Soma kivulini. Naanzaga na maji ya mvua niliyokinga kwenye beseni safi, kibox kikigeuka pinki sana kwenye maji hayo basi stripu zimeharibika.

Kuna kisima nilipima mama mwenye nacho amesimama pembeni ananiambia "mwanangu, haya maji tumekunywa toka enzi za babu". Maji yanang'aa, unaona mpaka chini ya ndoo. Kile kibox kikaanza pinki hafifu, kikakolea, kikawa zambarau kabla hata muda haujaisha, na yeye anakiangalia, akanyamaza, akaniuliza mjukuu wake anatengenezewa uji na maji gani sasa.

Hatua ya 5: Soma namba sahihi
Hapa ndo wengi wanaharibu, hata mimi nilishawahi kumwambia mtu maji yake mazuri kumbe sivyo na mpaka leo inaniuma. Angalia kopo limeandikwa NO3 (naitreti nzima) au NO3-N (naitrojeni peke yake iliyomo ndani ya naitreti). WHO, Shirika la Afya Duniani, mwisho wao ni miligramu 50 kwa lita ikiwa NO3, ambayo ni sawa na kama 11 ikiwa NO3-N. Yaani 20 ya NO3 haijavuka, ila 20 ya NO3-N zidisha mara 4.43 unapata karibu 89, imevuka mbali. Naitraiti mwisho ni miligramu 3 kwa lita ikiwa NO2, na ikionekana tu mi naomba wapime na vijidudu vya kinyesi.

Hatua ya 6: Maabara
Stripu inakupa picha tu. Ikifika nusu ya kiwango au zaidi, jaza chupa ya lita 1, andika kisima, tarehe na saa, weka kwenye kibox cha barafu, ifike maabara ya maji ya mkoa ndani ya saa 24. Ofisi ya RUWASA ya wilaya, wale wakala wa maji vijijini, wanaweza kukuelekeza. Viuatilifu, yaani zile dawa za kupulizia, stripu hii haivioni kabisa, vinataka chupa ya kioo cha kahawia na mashine kubwa, kwahiyo piga simu kwanza uulize kama wanapima na bei. TPHPA Arusha, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wanahusika na mabaki ya viuatilifu.

Kama imevuka
Usichemshe ukidhani umemaliza, maji yanapungua naitreti inabaki, inazidi kuwa kali. Dawa ya klorini nayo haiitoi. Mtoto chini ya miezi 6 asipewe maji hayo wala maziwa ya kopo yaliyokorogewa nayo, maana damu yake inashindwa kubeba oksijeni, ukiona midomo na kucha zinakuwa za bluu mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo. Tumia maji ya mvua au kisima kirefu kilichopimwa, kile cha zamani kibaki cha kufulia na kumwagilia, na ukimwagilia nacho punguza urea, naitrojeni tayari imo humo.