Majani ya mstafeli: yapime kabla hujayasifu

Hapa Tanga majani ya mstafeli yamekuwa chai inayodaiwa kutibu saratani. Mimi ni fundi wa maabara, na vijana wanaoanza utafiti hunijia na mfuko wa majani wakiuliza waanzie wapi. Mwanangu, anza na jina. Kata kitawi chenye ua au tunda, kikandamize kwenye magazeti, andika mahali, tarehe na aliyekuonyesha, kisha mpelekee mtaalamu wa mimea akitambue. Bila hicho, hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Anika kivulini. Wakati wa masika hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, majani huota ukungu, na ukungu una sumu zake zitakazokupotosha. Subiri kaskazi ukiweza. Saga, loweka gramu 100 kwenye lita moja ya ethanoli kwa siku tatu, chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Kitakachobaki ndicho mchujo wako.

Kipimo cha mwanzo ni rahisi: uduvi wachanga wa Artemia kwenye maji ya chumvi. Weka 10 kila kichupa, hesabu waliokufa baada ya saa 24. Hapo umepima sumu tu. Neno saratani usilitamke bado.

Kupima kwenye seli za saratani kunahitaji maabara kamili: nyuzi 37, hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, sahani ya vishimo 96. HeLa ni seli za saratani ya shingo ya kizazi, MCF-7 za matiti. Zipe mchujo kwa viwango tofauti, kila kiwango vishimo vitatu, kisha baada ya saa 72 tia MTT, rangi ambayo seli hai huigeuza kutoka manjano kuwa zambarau.

Hapa ndipo wengi hupotea. Majani yana kemikali zinazoweza kuigeuza MTT zambarau zenyewe, pasipo seli hata moja, nawe ukadhani seli zimenusurika. Tenga vishimo vyenye mchujo bila seli, uondoe rangi yake kwenye hesabu. Tenga vingine vyenye seli na kiyeyushi peke yake, yaani kimiminika ulichoyeyushia mchujo, na vingine vyenye seli na doksorubisini, dawa inayojulikana kuua seli za saratani.

Mchujo ghafi unaoua nusu ya seli kwa mikrogramu 20 kwa mililita au chini, wengi huuona wa kufuatilia. Lakini jiki nayo huua seli! Rudia kipimo kwenye seli zisizo za saratani, kama Vero, zitokazo kwenye figo ya tumbili. Zikifa sawasawa na zile, ulichonacho ni sumu. Kwa mstafeli nakusisitizia zaidi, kwa sababu una kemikali iitwayo annonasini, ambayo hudhuru seli za neva pia.

Sikuvunji moyo. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto, ilitoka kwenye Catharanthus roseus, ua la pinki tunalolipanda uani. Ila ilitengwa, ikasafishwa, ikapimwa dozi kwa wagonjwa.

Majibu yakitoka, mpelekee mzee aliyekuonyesha mti, umsomee kwa Kiswahili chepesi. Na kama ana mgonjwa nyumbani, mwombe asiache miadi yake ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa ajili ya sahani yako.